Kuanikwa na Kujianika: Tukitazama Belle ya Mamoru Hosoda

Mto umefurika. Mtoto wa watu amekwama kwenye kipande cha mchanga katikati ya maji, na watu wazima wamesimama ukingoni wakitazama. Mama mmoja anachukua jaketi la kuelea. Binti yake mdogo anamng'ang'ania, analia, anamwambia asiende. Mama anaenda. Baadaye yule mtoto wa watu anatolewa majini akiwa hai, na jaketi amevaa yeye. Mama harudi.

Halafu yanakuja maoni ya mtandaoni. Watu wasiomjua hata jina wanaandika kwamba alijitakia, kwamba alitaka kuonekana shujaa, kwamba ni mzazi gani huyo anayemwacha wake akaokoe wa mwenzake. Na binti anakua akiyasoma. Kinachouma ni kwamba swali lao ni swali lake pia: mbona uliniacha?

Hapo ndipo Belle ilinishika, na tulikuwa bado mwanzoni. Nilikuwa nimeambiwa ni anime ya msichana mnyonge anayegeuka staa kwenye ulimwengu wa mtandao. Si uongo, lakini ni kama kusema bahari ni maji. (Kama hujaiona, jua kwamba nitaisimulia hadi mwisho.)

Mamoru Hosoda aliitoa mwaka wa 2021 kupitia Studio Chizu, studio aliyoianzisha na Yuichiro Saito miaka kumi kabla. Ilionyeshwa Cannes mwezi wa Julai, na mwezi huo huo ikaingia kumbi za Japani. Jina lake la Kijapani linazungumzia joka na binti mfalme mwenye vidoadoa usoni, na vidoadoa hivyo tutavirudia. Suzu Naito ana miaka 17. Anaishi mashambani katika mkoa wa Kochi, kwenye bonde la mto ambako watu wanazidi kupungua hadi shule ya msingi ya kijijini imefungwa na kubaki mahali pa akina mama wa kwaya kufanyia mazoezi. Baba yake ni mpole, anampikia, anamuuliza maswali. Suzu hujibu neno moja na kutoka. Tangu mama yake afe, hawezi kuimba. Akijaribu, anatapika.

Rafiki yake Hiro, bingwa wa kompyuta na ulimi wa wembe, anamwalika U. Huu ni ulimwengu wa mtandaoni wenye watumiaji bilioni tano. Huchagui avata yako. Programu inakusoma mwili wako na kukutengenezea sura. Suzu anaweka picha ambayo ndani yake yumo Luka, mrembo wa shule anayependwa na kila mtu, na sura inayotoka ni kama ya Luka, ila ina vidoadoa vya Suzu. Suzu maana yake ni kengele ndogo, kwa hivyo anajiita Bell. Baadaye mashabiki wanaongeza herufi moja, likawa neno la Kifaransa la mwanamke mrembo. Na humo U, ndani ya mwili usio wake, sauti inatoka.

Sasa, tumezoea hadithi inayotuambia kwamba barakoa ni uongo na ukweli uko chini yake. Vua barakoa, uwe huru, mwisho. Hosoda haanzi hapo. Kwake barakoa ndiyo inayomrudishia Suzu kitu cha kweli kabisa alichokuwa nacho. Koo lililofungwa na kifo cha mama linafunguka kwa sababu hakuna anayejua ni koo la nani. Wengi wetu tunalijua jambo hilo, hata kama hatulisemi. Kuna watu ambao shairi lao la kwanza lilitoka kwa akaunti ya jina bandia, na kuna waliokiri maumivu yao kwa mgeni wa mtandaoni kabla hawajamwambia mama. Sura ya bandia si lazima iwe moyo wa bandia.

Lakini barakoa hiyo hiyo ndiyo walioivaa wale waliomtukana marehemu. Filamu inavishikilia vyote viwili bila kuvipatanisha haraka, na ukiifuata kazi ya Hosoda unaona kwamba ni mzigo ambao ameubeba kwa muda. Katika filamu fupi ya Digimon ya mwaka 2000, barua pepe za watoto kutoka kote duniani ndizo zinazotumiwa kumlemea adui. Katika Summer Wars ya 2009, watu wa kila nchi wanamkopesha msichana mmoja akaunti zao ili aendelee kupigana. Umati wa mtandao ulikuwa kwaya ya mwisho inayookoa siku. Kufikia 2021, umati ule ule una damu mikononi. Bado una wema, lakini sasa wema huo lazima uombwe, tena kwa gharama.

Gharama hiyo inaingia na Joka. Siku ya tamasha kubwa la Belle, kiumbe mwenye pembe na mgongo uliojaa alama za michubuko anavamia ukumbi akifukuzwa na walinzi waliojiteua. Kila mtu anataka kujua Joka ni nani. Wanapekua. Wanamshuku msanii mwenye chale, wanamshuku mchezaji wa besiboli. Ni mchezo kwao. Belle peke yake anauliza swali tofauti: anaumwa wapi? Kutoka hapo Hosoda anaazima waziwazi kutoka kwa Urembo na Dubwana, ile hadithi ya Kifaransa ya karne ya 18 ambayo Disney waliifanya katuni mwaka 1991. Yupo mrembo, ipo kasri, lipo waridi, kuna hata kucheza dansi ukumbini. Kwa maoni yangu sehemu hii inarefuka kuliko inavyostahili, na macho yanashiba kabla ya moyo. Lakini mwisho wake unapindua hadithi ya zamani. Dubwana hageuki mwana wa mfalme. Ni mtoto wa kiume anayeitwa Kei, anayepigwa na kutukanwa na baba yake nyumbani upande wa Tokyo, naye anasimama mbele ya mdogo wake Tomo ili maumivu yampate yeye kwanza. U ilimsoma mwili, ikaona hayo, ikamchora mgongoni.

Kati ya Joka na sisi amesimama Justin, kiongozi wa wale walinzi, mwenye nembo za kampuni nyuma yake kama mchezaji wa kandanda. Silaha yake ni taa. Ikikumulika, avata inayeyuka na unabaki wewe, na sura yako ya kuzaliwa, mbele ya mabilioni. Hana jela wala bunduki. Anaanika watu tu.

Kiswahili chetu cha siku hizi kina neno hili tayari. Zamani tulianika mahindi na nguo. Sasa tunaanika watu. Picha za mtu, namba yake, meseji zake za faragha, zote zinatandazwa juani, na wanaofanya hivyo karibu kila mara husema wanatetea haki. Justin naye anasema hivyo. Sidhani Hosoda alihitaji kumpa sura mbaya. Alimpa mavazi meupe na misuli, akamwacha aongee.

Kisha inakuja saa ambayo filamu nzima inaisubiri. Suzu na wenzake wanampata Kei kupitia video, kwa sababu mdogo wake anauimba wimbo ambao Belle aliwahi kumwimbia Joka peke yake. Wanamwambia wanataka kumsaidia. Naye analipuka. Ameambiwa hivyo mara ngapi? Analirudia neno hilo la msaada tena na tena mpaka linabaki sauti tupu. Walikuja wakubwa, wakazungumza na baba, wakaondoka, na hakuna kilichobadilika. Na huyu anayejiita Belle, kila mtu anaweza kusema yeye ni Belle. Anakata mawasiliano.

Kwa hivyo Suzu ana njia moja ya kuaminika. Shinobu, rafiki yake wa utotoni, ndiye anayelitamka: imba kwa sura yako. Hiro anapinga, na hoja yake ni nzito. Utapoteza kila kitu tulichojenga, na utarudi kuwa yule msichana anayetapika. Suzu anaingia U na taa ya Justin inamvua, safari hii kwa hiari yake. Binti mwenye sare ya shule, nywele zisizo na maajabu, amesimama hewani mbele ya mabilioni, akitetemeka. Anaimba.

Tuangalie vizuri kilichotokea. Taa ni ile ile. Tendo ni lile lile. Anayeonekana ni mtu yule yule ambaye angeonekana kama Justin angemkamata. Tofauti yote imo katika kiambishi kimoja cha Kiswahili: kuanikwa na kujianika. La kwanza unafanyiwa, na linakupunguza. La pili unalifanya, na kwa Suzu halikuwa hata kwa ajili yake. Hakuvua barakoa ili ajipate. Aliivua kwa sababu kulikuwa na mtoto mahali fulani ambaye hangemwamini mtu asiye na cha kupoteza. Msaada wa Belle ulikuwa rahisi kama maoni ya mtandaoni. Msaada wa Suzu ulikuwa na bei, na Kei aliiona bei ikilipwa.

Na ni hapo katikati ya wimbo, sauti ikikatika kwa kilio, ndipo binti anamfikia mama. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mama yake alitenda, akaenda zake kabisa, na maisha yote Suzu amekaa upande wa aliyeachwa, akidai maelezo. Hakuna anayempa. Baba hampi, kwaya haimpi. Jibu analipata kwa kufanya lile lile: kuingia kwenye maji kwa ajili ya mtoto asiye wake. Haimaanishi kwamba kuachwa hakukuuma. Inamaanisha kwamba sasa anajua jinsi mguu unavyokwenda wenyewe. Nilipoiona mara ya pili nilielewa kwa nini Hosoda alimweka baba kimya muda mrefu hivyo. Angeeleza, tungekosa haya yote.

Hadi hapa ningeiita filamu kubwa. Lakini haishii hapa, na tusifunike.

Baada ya wimbo wanapiga simu kwa wahusika wa ulinzi wa watoto, wanaambiwa habari ya utaratibu wa saa 48. Kwa hivyo Suzu anafunga safari, usiku, peke yake, kutoka Kochi hadi upande wa Tokyo. Wale akina mama wa kwaya, watu wazima wenye akili timamu, wanampeleka stesheni na kumpungia mkono. Anawakuta wavulana barabarani, anawakumbatia, baba yao anamkwaruza shavu, anainua ngumi. Suzu anamtazama tu. Mwanamume anaanguka chini kwa hofu. Hivyo ndivyo inavyoisha.

Naelewa mantiki ya ishara. Uso wenye vidoadoa, sasa na damu, unatosha kumshinda mtu mzima. Lakini kwa aliyekulia nyumba yenye baba kama yule, ishara haitoshi. Baba wa namna hiyo haangushwi na macho. Anainuka, anafunga mlango, na asiyekuwepo kesho yake ni yule mgeni mwenye moyo mzuri. Filamu iliyotufundisha kwamba msaada wa maneno ni mwepesi inatupa, mwishoni, msaada wa mtazamo. Kei anasema ataendelea kupambana, na mimi nikabaki nikiuliza: kwa nini apambane yeye? Wako wapi wale watu wazima? Ilihitajika angalau kaptula moja ya hadithi, mlango mmoja unaogongwa na mtu mwenye mamlaka, ili tuwaache wale watoto tukiwa na amani.

Jambo la pili ni dogo lakini linanikera. U ilimsikiliza Suzu halisi baada ya kumpenda Belle, na Belle alikuwa na uso wa Luka. Kama programu ingempa sura ya kawaida tangu siku ya kwanza, je, nyangumi mwenye spika mgongoni angewahi kumbeba? Filamu inasema urembo si kitu, kisha inautumia kama tiketi ya kuingilia.

Hata hivyo ningekuambia uitazame, tena kwa skrini kubwa kadiri uwezavyo, kwa sababu U imetengenezwa kwa kompyuta na inang'aa kupita kiasi, ilhali Kochi imechorwa kwa mkono, na kadiri muda unavyokwenda ni Kochi inayobaki machoni. Kuna daraja ambalo Suzu hulivuka kila mara. Ni jembamba na halina vyuma vya pembeni. Madaraja ya aina hiyo hujengwa chini makusudi, bila kingo, ili mto ukifurika maji yapite juu yake na yasipate cha kung'oa.

Mwishoni Suzu anarudi nyumbani, na baba yake yupo stesheni. Anamuuliza habari ya chakula cha jioni, kama alivyomuuliza miaka yote. Safari hii binti hajibu neno moja na kutoka.