Tajiri Atacheza na Nani?

Mechi inapokwisha siku ya Dominika, watu husema wakicheka: mwenye feza ndiye mwenye ekipe. Mimi naona neno hilo halifai kuchekwa.

Tuanze nyumbani, Lubumbashi. Ekipe ya Mazembe ilianzishwa na mapadri Wabenedikto mwaka 1939, ikaitwa Saint-Georges. Baadaye ilichukua jina la Englebert, kompani ya mipira ya magari, na kwa jina hilo ilishinda kombe la mabingwa wa Afrika 1967 na 1968. Basi feza za kompani hazikuingia jana katika mchezo wetu, wala si kila feza ni sumu. Tangu 1997 msimamizi wake, Moïse Katumbi, mfanya biashara, ametumia mali nyingi. Ekipe ilipata uwanja wake Kamalondo, uliofunguliwa 2011, na mishahara ya kuwazuia wachezaji wasikimbilie Ulaya upesi. Ikashinda Afrika 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010, kule Abu Dhabi, ilikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Nani hakufurahi siku ile? Hata watu wa Lupopo walifurahi, ingawa wengine hawatakubali kusema.

Lakini tangu 2011 mpaka 2022, kila ubingwa wa Kongo uliomalizika ulitwaliwa na Mazembe ao V.Club ya Kinshasa, hakuna wa tatu. Lupopo, mshindani wa mji uleule, ilikuwa bingwa 2002, kisha miaka ishirini ikapita bure.

Wengine hujibu: ni biashara, mwenye nguvu apate. Hapo wanakosea. Mwenye duka hufurahi duka la jirani likifungwa, maana wanunuzi wote watakuja kwake. Ekipe haiko hivyo. Mshindani wake akifa, itacheza na nani? Watu hulipa kiingilio kwa sababu hawajui nani atashinda. Feza inayoondoa mashaka hayo inakula mbegu ya shamba lake yenyewe.

Wala Mazembe haiko juu ya ngazi. Mbwana Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam akaja kwetu 2011. Januari 2016, miezi michache baada ya kombe la Afrika, akaenda Genk ya Ubelgiji; 2020 akachukuliwa na Aston Villa ya Uingereza. Simlaumu, kijana hutafuta riziki yake. Lakini kila ngazi huchuma matunda ya ile ya chini. Na huko juu nako ni vivyo hivyo: Bayern ilikuwa bingwa wa Ujerumani mara 11 mfululizo, 2013 mpaka 2023. Wapo watakaonitajia Leicester, bingwa wa Uingereza 2016. Kweli, tulishangilia, ila mwenye ekipe hiyo alikuwa tajiri wa Thailand, na 2023 ilishuka daraja.

Ajabu ni kwamba dawa imejaribiwa Marekani, inchi isiyoona haya kusifu utajiri. Katika ligi kubwa ya mpira wao wa Kimarekani, tangu 1936 ekipe iliyokuwa ya mwisho ndiyo ya kwanza kuchagua vijana wapya. Tangu miaka ya 1960 feza za televisheni za ligi nzima hugawiwa sawasawa, na mwaka 1994 mishahara iliwekewa kikomo. Kwa hiyo Green Bay, mji wa watu laki moja hivi, uliweza kutoa bingwa wa msimu wa 2010. Matajiri wale hawakufanya hivyo kwa huruma. Wanajua biashara yao.

Hatuwezi kuiga yote. Kwao hakuna kushuka daraja, na wachezaji wetu huondoka kwa ndege. Lakini sheria moja tunayo tayari, nayo ni ya FIFA: mchezaji anaponunuliwa kutoka inchi moja kwenda nyingine, sehemu 5 kwa 100 ya bei hugawiwa ekipe zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Ekipe ndogo za mitaa yetu, ngapi zina karatasi ya kuonyesha kwamba kijana fulani alichezea kwao akiwa na miaka 12? Makatibu waanze msimu huu kuandika daftarini: jina, siku ya kuzaliwa, siku ya kuingia, siku ya kutoka.