Wasikilizaji wa Waso

Waborana wa Merti, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, ng'ambo ya kaskazini ya Mto Ewaso Ng'iro (eneo la Waso), husema buni "huchinjwa". Ndiyo maana ya buna qalaa. Tunda kavu la kahawa hung'atwa ncha, hukaangwa kwa samli na ganda lake, huliwa kwa maziwa, na dua huombwa ya nagaa, yaani amani ya watu na mifugo. Mgeni mwenye haraka ataona kitafunio. Mario Aguilar, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Garba Tulla, pia katika Waso, mwishoni mwa miaka ya 1980, aliona Uborana ukitunzwa majumbani, miongoni mwa watu waliokwisha kusilimu, na mwaka 1998 akatoa kitabu kuhusu hilo.

Naistahi kazi hii ya wanaanthropolojia kwa subira yake. Paul Baxter aliishi na Waborana mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1966 alikuwa bado akiandika kuhusu namna walivyoupokea Uislamu na walivyoukataa.

Ninayemrudia zaidi ni Gudrun Dahl wa Sweden. Mfugaji haulizwi hivi hivi ana ng'ombe wangapi. Ni sawa na kumchungulia mtu mfukoni. Hata hivyo Dahl na Anders Hjort, katika kitabu chao cha 1976, walipiga hesabu ya kundi hatua kwa hatua: mtamba huzaa akiwa na umri gani, ndama wangapi hufa, maziwa kiasi gani humbakia binadamu. Mwaka 1979 Dahl akatoa kitabu juu ya Waborana wa Waso, akakiita "nyasi zinazoumia". Msomaji wa Kiswahili anawajua fahali hao wawili bila kuambiwa. Baadaye, mwaka 1990, aliandika juu ya mikeka ya nyumba na vyombo vya maziwa, himaya ya wanawake. Hapo ndipo ninapomvulia kofia: baada ya hesabu zote zile, akakaa na chombo cha maziwa.

Usikivu huo hufaa hata kwa vita. Vita vya Shifta, vya waasi wa kaskazini dhidi ya serikali ya Kenya, 1963 hadi 1967, vimo vitabuni kwa jina hilo. Wazee wa Waso huziita siku zile gaafa dhaabaa, wakati wa kusimamishwa, watu walipofungiwa kambini, Merti ikiwa mojawapo. Mwaka 2013 Zeinabu Khalif na Gufu Oba waliandika historia ya siku hizo kwa simulizi za wafugaji wenyewe. Walianza na jina la wazee, ndipo wakauliza mifugo ilikwenda wapi.