Deni na Fadhila: Msomi Asiye na Ukoo katika Tawasifu ya Maria Nhambu

Kwa Watanzania wengi leo, Kifungilo, katika milima ya Usambara, ni jina la shule ya sekondari ya wasichana. Katika Africa's Child (2016), juzuu ya kwanza ya tawasifu ya Maria Nhambu, Kifungilo ni kituo cha kulelea watoto chotara kilichoendeshwa na masista wa Kikatoliki kutoka Ujerumani. Juzuu ya pili, America's Daughter (2017), inamfuata mhusika hadi chuoni Minnesota, Marekani.

Msomi aliyetoka katika ufukara si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Katika riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anarejea Ukerewe na kujikuta hana tena lugha ya kuzungumza na waliomzaa. Mgogoro huo una sharti moja: lazima wawepo watu wa nyumbani wanaomdai. Wazazi, ndugu na kijiji wana haki juu ya elimu yake, naye hana cha kuwapa. Hata kujiua kwake kwaweza kusomwa kama kushindwa kulipa deni hilo.

Mhusika wa Nhambu hana wadai wa namna hiyo. Njia ya chuoni anafunguliwa na Catherine Murray, mwalimu Mmarekani aliyemfundisha Morogoro na kisha kumwasili. Kinachomfunga basi si deni bali fadhila, na tofauti hii ni ya msingi. Deni lina kiasi, na likilipwa huisha. Fadhila haina kiasi, hivyo anayeipokea hajui lini atakuwa huru. Anwani za juzuu zote mbili zinalithibitisha jambo hili. Katika jamii ya Waswahili, binti hutambulishwa kwa baba yake. Hapa nafasi ya baba imeshikwa na bara, kisha na nchi.

Umbo la tawasifu lina hatari yake. Kwa kuwa anayesimulia ni yule aliyevuka, wokovu wa mmoja waweza kufunika hali ya wengi ambao hawakupata mfadhili. Kezilahabi hampi msomaji wake faraja hiyo.

Hata hivyo, maisha ya Nhambu yana jibu ambalo Kazimoto hakulipata. Baadaye alifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari jijini Minneapolis. Lugha ambayo mtoto asiye na ukoo wala mali alitoka nayo nyumbani ikawa taaluma, na aliyezoea kupokea akawa mtoaji. Lakini tawasifu yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo inawaeleza kwanza watu wa upande wa mfadhili. Ndiyo maana suala la kuisoma kwa Kiswahili ni la kihakiki, wala si la huduma kwa msomaji tu: katika lugha hiyo, Kifungilo ingeacha kuwa mahali palipohamwa, ikawa mdai.