Maktaba ya Wote, Ufunguo wa Mmoja

Tangu nistaafu, wanafunzi wangu wa zamani ambao sasa ni maofisa huniletea maandiko ya mipango ya maktaba za umma, wakaniomba niyasome na kutoa maoni. Karibu yote yana maneno mawili yasiyokosekana: "ushirikishwaji" na "ubia". Maktaba itashirikiana na serikali ya kijiji, shule, msikiti, kanisa na kikundi cha akina mama, ili kila mtu apate kusoma, awe maskini au tajiri, mwenye kuona au asiyeona. Nani atapinga? Hata mimi sipingi. Walakini nina ugomvi na maandiko hayo, na ugomvi wenyewe unanigusa mimi kwanza, kama msomaji atakavyoona.

Kosa lao la kwanza ni kudhani kwamba jambo hili limeanza juzi. Huduma za Maktaba ziliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam mwezi Desemba 1967. Mwaka huohuo, katika kila watu wazima 100, wapatao 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Hadi kufika 1986 hesabu ya serikali ilisema wamebaki chini ya 10. Aliyejifunza kusoma hana budi apate cha kusoma, la sivyo husahau. Ndipo zikaja maktaba za vijijini. Kijiji kilitoa chumba na mtu wa kukitunza, Huduma za Maktaba zikaleta vitabu na kumfundisha huyo mtu kazi. Ulikuwa ubia hasa, ingawa siku zile hatukujua kuuita hivyo.

Katika kijiji nilikoanzia ualimu, maktaba ilikuwa kabati moja la mbao katika ofisi ya kijiji. Ndani mlikuwa na vitabu vya kilimo bora, vya uzazi na malezi, hadithi chache, na magazeti ya elimu ya watu wazima. Mtunzaji alikuwa kijana mwaminifu mno. Aliambiwa kwamba kitabu kikipotea atajibu yeye. Basi akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: akafunga kabati, na ufunguo akauvaa shingoni. Mkaguzi alipokuja alikuta vitabu vyote vipo, safi, na kijana akasifiwa mbele ya mkutano. Mwanamke mmoja aliyekuwa darasani kwangu, aliyepata cheti cha kusoma na kuandika, alinong'ona nyuma yangu kwamba vitabu hivyo ni kama mahari ya watu wengine: unavitazama tu.

Nimelikumbuka kabati lile kila niliposoma mpango mpya. Mpango hutaja wabia kumi na mmoja, lakini hausemi ni nani atakayebeba hasara ya kitabu kilicholoa mvua au kilichochanwa na mtoto. Bila shaka atabebeshwa aliye mnyonge kuliko wote, naye atajilinda kwa kufuli. Mimi ningependa kuona katika bajeti fungu la vitabu vitakavyopotea, limeandikwa wazi bila aibu. Mpango usiokuwa na fungu hilo haujakusudia vitabu visomwe.

Jirani zetu wa Kenya nawasifu kwa jambo moja. Mwaka 1996 huduma yao ya maktaba ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kwa watu wanaohamahama na mifugo yao. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema. Hawakumwambia mfugaji ahamie karibu na maktaba ndipo ahesabiwe kuwa msomaji. Sidai kwamba ngamia ni dawa ya kila mahali. Pwani na Usukumani tungechekwa.

Sasa nije kwangu. Mwaka 1998, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilitia sahihi makubaliano na kijiji kilichotuzunguka: kila Jumamosi maktaba ya chuo ingekuwa wazi kwa wanakijiji wote. Nilikuwa nimesoma Ilani ya Maktaba za Umma ya UNESCO ya mwaka 1994, isemayo kwamba huduma ni kwa watu wote kwa usawa, na kwamba wasioweza kutumia huduma za kawaida watengenezewe zao. Niliinukuu katika hotuba. Watu walipiga makofi.

Jumamosi ya tatu akaja mzee asiyeona, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Walipanda ngazi tatu za mlangoni, ambazo mimi sikuwahi kuzihesabu. Akaketi, akamwambia mtoto amsomee gazeti. Mtoto akaanza, kwa sauti, akisitasita kwenye maneno marefu. Wanachuo wakageuka. Ukutani paliandikwa KIMYA kwa herufi kubwa, na mtunza maktaba akanitazama.

"Mzee wangu," nikamwambia, "humu haturuhusu kusoma kwa sauti."

"Mkuu," akajibu taratibu, "mimi nasoma kwa masikio. Nikinyamaza nitakuwa nimekuja kukaa."

Nilisimama na kanuni. Nikawatoa nje, kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Miaka mingi nimejitetea kwamba vitabu vya nukta nundu hatukuwa navyo, na ni kweli. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu vitabu vigeuzwe nukta nundu au sauti kwa ajili ya wasioona bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, Kenya ilijiunga nao mwaka 2017 na Tanzania 2020. Lakini siku ile hapakuhitajika mkataba. Palihitajika kiti nje na mtu wa kusoma.

Aliyeliona hilo hakuwa mimi. Mkufunzi mmoja kijana alibeba benchi hadi chini ya mwembe, akamsomea mzee matangazo ya vifo, bei za mazao na habari za mpira. Jumamosi zilizofuata wakajikusanya wengine: akina mama wenye watoto mgongoni, wazee waliokwisha sahau herufi, hata vijana waliojua kusoma vizuri lakini walipenda ubishi unaofuata habari. Mara nyingine walifika ishirini na zaidi.

Mwisho wa mwaka niliandika taarifa ya ubia wetu. Niliandika kwamba wanakijiji waliotumia maktaba walikuwa wastani wa sita kila Jumamosi, kwa sababu daftari la mahudhurio lilikuwa ndani, mezani, na wa chini ya mwembe hakuna aliyewaandika.