Mangapwani: Ufundi wa Kuficha Watu

Mangapwani iko kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya Mji Mkongwe, Unguja. Pana mapango mawili, na wageni huyachanganya. Moja ni la asili, pana, lenye kidimbwi cha maji matamu chini yake. Hilo ni kazi ya maji yaliyokula chokaa ya matumbawe kwa karne nyingi. La pili, lililo karibu na ufuo, ni chumba cha mraba kilichochongwa na watu ndani ya mwamba, kikaezekwa juu, kikaachiwa mlango mwembamba. Hunasibishwa na Mohammed bin Nassor Al-Alwi, aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa wa watumwa.

Njia ya kutoka chumbani hadi majini ni fupi, lakini korofi. Jiwe la matumbawe likishapigwa na mvua na chumvi huota meno. Ukijikwaa ukashika ukuta, kiganja ndicho kinacholipa. Kwa maoni yangu, ufupi huo na ukorofi huo ndio uliofanya mahali hapa pafae kwa kazi ya kuficha watumwa wa magendo.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Haja ya watumwa haikufungwa. Mwaka mmoja kabla, kimbunga kilikuwa kimeangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mashamba yalipandwa upya, na wenye mashamba walitaka mikono. Bei ikapanda, hatari nayo ikapanda. Manowari ya HMS London iliwekwa Zanzibar, na mashua zake zikawa zinapekua majahazi. Haukuwa mchezo: Desemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kupekua jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa.

Kwa hiyo msafirishaji wa magendo alikuwa na tatizo moja kubwa kuliko yote: muda kati ya jahazi kugusa ufuo na watu kutoweka machoni. Jahazi lenye watu katikati ya mkondo lingeweza kukimbia. Jahazi lililotia nanga, huku watu wakitembea mchangani, halina pa kukimbilia.

Hapa ndipo bahari yenyewe inapoingia katika hesabu. Mwezi mwandamo huleta bamvua, na katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa takriban saa kumi alfajiri na kupwa takriban saa nne asubuhi. Tofauti ya kina hufikia karibu mita 4. Maana yake, usiku usio na mbalamwezi ndio huo huo ambao maji hujaa kabisa kabla ya kupambazuka, jahazi likaweza kusogea hadi karibu na mwamba. Sina daftari la nahodha yeyote wa magendo, lakini anayeijua bahari hangehitaji kufundishwa hilo. Upande huo wa magharibi unatazama bara, na kisiwa chenyewe kinaukinga na kusi.

Likija jua, ufuo ni mtupu. Mwamba haushiki nyayo. Paa la chumba limekaa chini kiasi kwamba anayepita mbali haoni jengo, na jiwe lile, ambalo hukubali tindo na mtaimbo bila shida, halikuhitaji kuletwa kutoka popote.  Ni ufundi mdogo sana uliotegemea ardhi kufanya kazi kubwa, na ukatili wake umo katika wepesi huo. Waliofungiwa mle, wakisubiri kupelekwa mjini au mashambani, walikuwa gizani, katika unyevunyevu, wakiisikia bahari bila kuiona.

Anayetaka kuipima njia hii kwa miguu yake avae viatu vya soli nene na aende maji yakipwa. Na asiamini akiambiwa kwamba mkataba wa 1873 ndio uliomaliza mambo. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909.