Programu Inapohesabu Mizani

Mtengeneza programu anayetunga mashairi jioni na kujishonea nguo mwisho wa wiki huonekana kwa wengi kama mtu mwenye nafsi mbili: moja ya hesabu, nyingine ya sanaa, na hii ya pili ipo kuipumzisha ile ya kwanza. Sikubaliani na mtazamo huo. Ukifuatilia kazi hizo zinavyofanywa, hatua kwa hatua, utakuta zote zinadai jambo lile lile: kuichukua kanuni ambayo sikio au mkono unaijua bila kuisema, kuiandika waziwazi, kisha kuangalia inakwama wapi. Kwa msomaji wa Kiswahili, ushahidi ulio karibu ni programu ndogo ya kuhesabu mizani, yaani silabi za mshororo wa shairi.

Mwanzo wake ni rahisi mno. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na irabu mbili zinazofuatana huhesabiwa kila moja peke yake, kwa hiyo inatosha kuhesabu irabu: "kaa" ina mizani 2, "taarifa" ina 4. Mstari mmoja wa msimbo na kazi imekwisha, mpaka linapokuja neno "mtu", ambalo lina irabu moja na mizani 2. Basi unaongeza kanuni: herufi m ikitangulia konsonanti, ipewe mizani yake, isipokuwa mbele ya b, v, w na y. Unaongeza nyingine kwa maneno mafupi yenye irabu moja kama "nchi", "nge" na "mbwa", huku ukichunga ny na ng' zisiguswe kwa kuwa kila moja ni sauti moja. Hapo programu inasoma beti nyingi bila tatizo. Kisha inakutana na "kumbe" na "kumbeba". Herufi tano za kwanza ni zile zile, lakini la kwanza lina ku-mbe, mizani 2, na la pili lina ku-m-be-ba, mizani 4, kwa sababu m ya pale ni mtu anayebebwa. Mbaya zaidi ni "mbuni": akiwa ndege ana mizani 2, ukiwa mti wa kahawa una 3. Tena "mbaya" ya nguo mbaya si sawa na "mbaya" ya mtu mbaya. Hakuna hila ya herufi itakayotatua hilo. Programu lazima ijue ngeli, na ili ijue ngeli ni lazima isome sentensi nzima. Kazi iliyoanza na kuhesabu irabu imefika kwenye uchanganuzi wa sarufi, na kilichoifikisha huko ni ushairi. Kukagua vina, kwa kulinganisha, ni kazi nyepesi: katika tarbia, yaani shairi la beti za mishororo minne, yenye mizani 16 kwa kila mshororo, unahakikisha mizani ya 8 inaangukia mwisho wa neno, unachukua silabi hiyo na ya mwisho wa mshororo, unalinganisha na mishororo mingine.

Michezo ya namna hii ni ya zamani kuliko kompyuta za mezani. Mwaka 1952 Christopher Strachey, aliyekuwa mwalimu wa shule huko Uingereza, aliifanya kompyuta ya Ferranti Mark 1 katika Chuo Kikuu cha Manchester iandike barua za mapenzi. Mbinu yake ilikuwa nyepesi: viunzi viwili vya sentensi, orodha za vivumishi, nomino, vielezi na vitenzi vya kimahaba, na bahati nasibu ya kuchagua neno lipi liingie wapi. Barua zilitiwa saini M.U.C., kwa jina la mashine yenyewe. Ukisoma barua moja unatabasamu. Ukifika ya tatu unaanza kuona mifupa ya viunzi. Nadhani hapo ndipo penye thamani ya jaribio lile. Lilidhihirisha ni kiasi gani cha lugha ya mapenzi ni kiunzi kitupu, na lilidhihirisha pia kinachokosekana kiunzi kikiachwa peke yake. Strachey baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa nadharia ya maana ya lugha za programu, akifanya kazi Oxford.

Ushonaji una sura hiyo hiyo. Fundi wa cherehani anapokata blauzi ya kifua cha sentimita 96 huchukua robo yake, 24, akaongeza tuseme 2 za nafasi ya kupumulia, kisha nafasi ya mshono. Hiyo ni fomula, na mradi huria wa FreeSewing umejengwa juu ya wazo hilo: mchoro wa nguo unaandikwa kama msimbo, unaupa vipimo vya mwili, nao unatoa karatasi ya kukatia. Lakini zile sentimita 2 hazitoki kwenye mwili, zinatoka kwenye kitambaa. Kitenge hakivutiki, jezi inavutika. Na khanga ina pindo, mji na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Fomula inajua upana wa kitambaa, haijui kwamba mkasi usipopangwa vizuri utalikata jina katikati ya kwapa.

Yuko atakayesema huu ni ufanano wa kulazimisha, kwamba hata kupika ugali kunaweza kuitwa programu. Pingamizi hilo lina uzito, na jibu lake ni kwamba hoja yangu haisimami juu ya ufanano. Inasimama juu ya makosa: "mbuni" na jina la khanga vinamfundisha mtu mipaka ya kanuni zake kwa namna ambayo ripoti za ofisini hazimfundishi, kwa kuwa ofisini mteja ameshaamua mapema nini kihesabiwe. Mwingine atasema mashine za leo zinatunga shairi zima kwa sekunde, hivyo kuhesabu mizani ni kupoteza muda. Mashine hizo husoma maandishi kwa vipande ambavyo mara nyingi si silabi, ndiyo maana mizani huziponyoka kwa urahisi. Mkaguzi mdogo mwenye kanuni zilizo wazi bado ana kazi.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi: kwamba programu itamfanya mshairi awe karani. Mshairi Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Miaka 20 baadaye mshairi Kezilahabi alitoa diwani ya "Kichomi", mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Programu yetu ingeikataa "Kichomi" karibu yote, na kukataa huko hakungesema lolote kuhusu ubora wake. Hata mtunzi wa mapokeo ana inkisari na mazida, ruhusa ya kufupisha neno au kulirefusha, na uamuzi wa lini aitumie ni wake. Kwa hiyo programu ihesabu na ioneshe, isisahihishe.

Anayetaka kujaribu aanze na utenzi, si tarbia: vipande vya mizani 8, vitatu vyenye kina kimoja na cha nne cha bahari inayopita beti zote, bila kina cha kati cha kusumbua. Maneno yatakayoishinda programu ayaweke kwenye faili lake, na kando ya kila moja aandike alilihesabu mizani ngapi kwa sikio na kwa nini.