Kuikagua XSLT Inayofuata Marejeo ya Mzunguko

Mtihani ninaoupenda ni kamusi iliyoandikwa kwa XML. Chini ya ndoa pameandikwa tazama talaka, tazama pia eda. Chini ya talaka, tazama eda, tazama pia ndoa. Msomaji akirudishwa kwenye ndoa anakumbuka kwamba alikwishapita hapo. Programu haikumbuki mpaka ikumbushwe, na katika XSLT kigeu hakigeuki: kikishapewa thamani, ndiyo hiyo hiyo. Hakuna daftari la pembeni la kuwekea alama. Ulichokwisha kukiona lazima ukibebe ndani ya parameta.

Basi nikipewa kazi ya mtu niikague, kwanza nautafuta mzigo huo. Katika XSLT 1.0, ya mwaka 1999, wengi walibeba vitambulisho vilivyoungwa katika uzi mmoja wa herufi, kisha wakauliza kwa contains kama kitambulisho kimo. Hapo simama usome herufi kwa herufi. Ikiwa havikutenganishwa kwa alama kila upande, siku ndoa itakapofikiwa baada ya ndoana, programu itaamini imekwisha kuiona, maana herufi zote za ndoa zimo ndani ya ndoana. Haitalalamika. Neno litakosekana tu kwenye chapa, na kosa la kimya namna hii nalichukia kuliko programu inayoanguka. Fundi mzuri hubeba nodi zenyewe, wala si majina yake.

Ukiona kikomo cha hatua, tuseme 20, jua aliyeandika aliuogopa mzunguko bila kuuelewa.

Lakini hata anayebeba nodi anaweza kukosea, na hapa ndipo macho ya mkaguzi hupimwa. Parameta hushuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Haivuki kwenda kwa ndugu. Talaka na eda zikiitwa kutoka ndoa, kila moja hupewa orodha ile ile, na aliyoyaona wa kwanza wa pili hayajui. Programu itamaliza, maana kila njia inajilinda na mzunguko wake, lakini neno moja litachapwa mara nyingi. Panga maneno kwa matabaka 20, kila tabaka likigawanyika mara mbili na kukutana tena: njia zinafika 1,048,576. Parameta za kupenyeza (tunnel) zilizokuja na XSLT 2.0 mwaka 2007 hupunguza maandishi, ila ugonjwa huu haziugusi.

Kazi ninayoisifu huenda kwa mawimbi. Inashika makundi mawili, wapya na walioonwa. Kutoka kwa wapya wote kwa pamoja inachukua marejeo kupitia key, inaondoa walioonwa kwa except, na kilichobaki ndicho wimbi linalofuata. Wimbi likiwa tupu, kazi imekwisha. Kila nodi hutembelewa mara moja, na sharti la kusimama limo ndani ya mwendo wenyewe. Mistari minane inatosha, nami kila ninapoiona naisoma mara mbili kwa raha.

Kabla ya kuipitisha, ipe neno linalojirejea lenyewe na neno linalorejea neno lisilokuwepo. Kisha angalia mpangilio wa matokeo: except hurudisha nodi kwa mpangilio wa waraka, kwa hiyo ndani ya wimbi moja eda itatangulia talaka hata kama ndoa iliitaja talaka kwanza. Kwa faharasa, sawa. Kwa mhariri aliyepanga marejeo yake kwa makusudi, rudisha kazi kwa mwandishi.